Magnetoidi: Nadharia ya sumaku iliyotaka kufumbua siri ya kwasa

JIONI za Aprili na Mei, kundinyota la Mashuke linapopanda juu ya Eldoret, nukta hafifu ya mwanga hupita karibu kabisa na utosi wa anga. Haionekani ila kwa darubini. Hiyo ni 3C 273, kwasa ambayo mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 2.

Maarten Schmidt, mwanaastronomia mzaliwa wa Uholanzi, ndiye aliyebaini umbali huo mwaka wa 1963 huko California. Fumbo likazuka papo hapo. Kwasa hung’aa kushinda galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota, ilhali mwanga wake hubadilika kwa muda mfupi, ishara kwamba chanzo chake ni kidogo mno. Nguvu hizo zatoka wapi?

Mwaka wa 1966, mwanafizikia wa Kisovieti Leonid Ozernoy alipendekeza magnetoidi: gimba moja kubwa ajabu la gesi, linalozunguka na kubeba sumaku kali. Mzunguko na sumaku hulizuia lisiporomoke kwa uzito wake. Nalo linaponywea polepole, nishati hutoka kupitia sumaku hiyo. Mwaka wa 1969, Philip Morrison wa Marekani alitoa wazo la jamaa yake, akilinganisha kwasa na pulsa kubwa.

Nadharia hiyo ilikuwa na mtihani wake. Gimba moja linalozunguka lingetarajiwa kumulika kwa mpigo wa kawaida, kama pulsa. Kwa jumla, kwasa hazina mpigo huo.

Wazo lililoshinda ni la shimo jeusi linalomeza gesi, lililotolewa na Edwin Salpeter na Yakov Zel’dovich mwaka wa 1964. Kenya ilichangia katika safari hiyo: Desemba 12, 1970, setilaiti ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya taifa. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Hata hivyo, sumaku haikutupwa. Mwaka wa 1977, Roger Blandford na Roman Znajek walieleza jinsi inavyoweza kuchota nishati ya mzunguko wa shimo jeusi. Mwaka wa 2021, picha za galaksi ya M87 zilidhihirisha sumaku iliyopangika kandokando ya shimo lake. Magnetoidi, basi, ilikosea kuhusu gimba, lakini si kuhusu umuhimu wa sumaku na mzunguko.