Viashiria vya protini katika madoa tangulizi ya saratani ya kinywa

Viashiria vya protini ni protini za seli ambazo wingi wake, au mahali zinapoonekana, humsaidia mwanapatholojia kukadiria kama doa la mdomoni laweza kugeuka saratani. Madoa hayo ni pamoja na lukoplakia, utando mweupe usiofutika, na erithroplakia, doa jekundu lenye hatari kubwa zaidi. Tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, pombe na popoo ni visababishi vikuu.

Kipande kidogo cha nyama hukatwa, hugandishwa katika nta na kuchanjwa vipande vyembamba mno. Kingamwili maalumu hunasa protini inayotafutwa, kisha rangi, aghalabu ya kahawia, huifichua.

Protini p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, huzuia seli zenye hitilafu zisigawanyike. Jeni yake ikiharibika, protini mbovu huweza kurundikana kwenye kiini. Ki-67, iliyoelezwa mwaka 1983 na watafiti wa mji wa Kiel, Ujerumani, huonyesha seli zinazogawanyika. Katika utando wenye afya hukaa tabaka za chini. Ikipanda juu, ni ishara mbaya.

Hakuna kiashiria kimoja kilichochukua nafasi ya hadubini ya kawaida.

Ili kufika hospitali ya rufaa, mkazi wa kisiwa cha Rukuba, mkoani Mara, huvuka Ziwa Viktoria kwanza. Hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Doa au kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionwe na daktari.