Tungoje mpaka jicho liive? Habari za mchoraji Monet

Mzee mmoja wa mtaa wetu haoni tena vizuri. Katikati ya jicho lake pametanda weupe, ndio ugonjwa unaoitwa mtoto wa jicho. Nilipomwuliza kwa nini haendi hospitali, alinijibu: «Mwalimu, jicho halijaiva bado. Nangoja liive.» Mwanawe aliyesimama karibu akasema: «Huu ni mwaka wa tatu Baba anangoja. Sasa hawezi hata kwenda kisimani peke yake.»

Wazee wametuachia methali mbili. Moja yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa habari ya macho, tufuate ipi? Tuulize historia.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Nyuma ya mboni ya jicho mna lenzi, yaani kama kioo kidogo ambacho mwanga hupita ndani yake. Katika ujana ni safi kama maji ya chemchemi. Uzee ukifika, huanza kufifia, kama kioo cha taa kilichoshikwa na moshi. Hakuna majani wala dawa ya kutia jichoni iwezayo kuisafisha. Lenzi iliyoharibika haina budi kutolewa.

Hapo kale waganga wa Uhindi na wa nchi nyingine walitumia sindano, wakaisukuma lenzi iangukie ndani ya jicho. Wachache waliona kidogo. Wengi walipofuka kabisa. Mwaka 1750 mganga Mwingereza, John Taylor, alimpasua macho mara mbili mtunga muziki Johann Sebastian Bach mjini Leipzig. Bach hakupona, akafa mwaka uleule. Ndipo Mfaransa Jacques Daviel alipowaonyesha waganga wenzake namna ya kuitoa lenzi nje ya jicho. Habari yake ilichapwa mwaka 1753.

Njia ya Daviel ilikuwa bora, walakini hatari ilibaki. Kwa hiyo waganga wenyewe walisema: «Tungoje liive.» Nao walikuwa na sababu. Lenzi iliyoiva ilitoka kwa urahisi zaidi, na ile isiyoiva iliacha mabaki ndani ya jicho. Tena walichelea kumnyang'anya mtu jicho ambalo bado linaona kidogo. Basi, neno la mzee wetu si upuuzi. Ni neno la waganga wa zamani.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyengoja. Claude Monet, mchoraji Mfaransa, alizaliwa mwaka 1840. Alikaa katika kijiji cha Giverny, naye alipenda sana kuchora maua ya majini yaliyoota katika ziwa dogo la bustani yake. Mwaka 1912 waganga walimwambia kwamba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Monet hakukubali kupasuliwa. Kwa nini? Aliogopa. Mchoraji mwenzake Mary Cassatt alipasuliwa macho katika miaka iliyofuata, asipate faida. Tena, kwa Monet jicho lilikuwa kama jembe kwa mkulima.

Basi akangoja miaka zaidi ya kumi. Rangi zikamponyoka. Ilimpasa kusoma majina yaliyoandikwa juu ya vibomba vya rangi, na kuzipanga sikuzote kwa utaratibu mmoja, asije akakosea. Daraja la bustani yake, ambalo zamani alilichora kwa rangi ya majani mabichi, sasa alilichora kwa rangi nyekundu na ya udongo. Na wakati huo alikuwa ameahidi kulipa taifa lake picha kubwa za maua yale!

Rafiki yake Georges Clemenceau, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufaransa na tena mganga kwa elimu, alimsihi sana. Mwaka 1922 Monet akamwendea mganga Charles Coutela wa Paris. Jicho la kuume lilikuwa linatambua mwanga tu. La kushoto lilikuwa dhaifu sana. Hapo akakubali. Mwaka 1923 jicho la kuume lilipasuliwa mara tatu: mara mbili katika Januari, na mara ya tatu katika Julai. Alilazimika kulala bila kujitikisa siku nyingi, macho yamefungwa, hata akataka kuvirarua vitambaa. Baadaye alihitaji miwani mizito, na rangi zilimchanganya: mara aliona buluu kupita kiasi, mara manjano. Jicho la kushoto alilikataza lisiguswe. Lakini alirudi kazini, akachora tena. Alikufa Desemba 1926, na picha zake zikafunguliwa kwa watu wote mjini Paris, katika nyumba ya Orangerie, mwezi Mei 1927.

Je, Monet alikosa kungoja? Tusimhukumu upesi. Katika siku zake hofu ilikuwa na haki yake. Bali mambo yamebadilika. Mwaka 1949 Harold Ridley wa London alianza kutia lenzi ya plastiki mahali pa ile iliyotolewa. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya ndege za vita vilivyobaki ndani ya macho ya marubani havikuyafanya yawake uvimbe. Mwaka 1967 Charles Kelman wa Marekani akaonyesha namna ya kuivunjavunja lenzi na kuifyonza kupitia tundu dogo. Leo kazi hii mara nyingi haichukui hata nusu saa, na mgonjwa hurudi kwake siku ileile au kesho yake.

Kwa hiyo swali limegeuka. Mganga wa leo haulizi: «Limeiva?» Huuliza: «Jicho limekuzuia kufanya nini?» Kama waweza bado kusoma, kulima, kutembea na kutambua nyuso za watu, waweza kungoja bila aibu, mradi mganga akutazame, maana upofu una sababu nyingi. Lakini kama kazi zako zimekushinda, wangoja nini? Lenzi iliyoachwa mno huwa ngumu, hata huweza kuvimba na kuua mshipa wa kuonea. Mshipa ukifa, hakuna kisu kitakachourudisha. Na mtoto mchanga mwenye weupe jichoni apelekwe mara moja, kwa kuwa asipoona mapema, hatajifunza kuona.

Nilimwambia mzee wetu: «Baba, hata ndizi iliyoiva, ukiiacha mno, huoza.» Alicheka, kisha akasema polepole: «Mwalimu, naogopa kisu. Tena sitaki kuwamaliza watoto fedha.» Hilo ndilo neno lililojificha nyuma ya «halijaiva». Basi ninyi wenye wazazi, msingoje wawaombe. Ulizeni hospitali bei na siku, kisha mshikeni baba mkono, mwende naye.