Geti lilifungwa, au lilikuwa limefungwa?

Miaka sita iliyopita nilimbebesha mzee mmoja kosa lisilo lake kwa sababu ya kitenzi kimoja. Nilikuwa mgeni kwenye chumba cha habari. Soko moja la mtaani lilikuwa limeungua usiku, na taarifa ikaletwa kwa Kiingereza, kama kawaida. Ndani yake kulikuwa na sentensi fupi: gari la kwanza la zimamoto lilipofika, “the eastern gate was locked.” Muda wa kufunga kurasa ulikuwa umenibana, nikatafsiri mbiombio: “geti la mashariki lilifungwa.”

Hebu isome tena sentensi yangu. Gari linafika, geti linafungwa. Yaani mtu yuko pale, anawaona zimamoto wanakuja, anawafungia.

Mlinzi wa geti hilo alikuja ofisini kesho yake, gazeti kalikunja kwapani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Hakupiga kelele hata kidogo. “Mwanangu,” akasema, “lile geti hufungwa saa nne usiku kila siku, na ufunguo unabaki kwa wenyewe wa ofisi. Wewe umeandika kwamba nimewafungia watu wa zimamoto.” Kazini alikuwa ameshasimamishwa. Nikamwonyesha ile karatasi ya Kiingereza, nikijitetea kwamba ndivyo walivyoandika. Akaitazama, kisha akauliza: “Sasa hao wenye lugha yao, wanajuaje kama lilifungwa saa ile au lilikuwa limefungwa tangu usiku?”

Shahada ninayo, jibu sikuwa nalo. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na sehemu kubwa yake nimeikuta kwenye historia.

Zamani sana, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na vitenzi viwili vya kufanya kazi hii. Kimoja ni babu wa “was” ya leo, na mara nyingi kilieleza hali: kitu kiko hivyo. Cha pili kiliitwa weorþan, maana yake kuwa kwa kugeuka, na kilifaa kueleza tukio. Kumbukumbu za mwaka za Waanglo-Saksoni, zinapofika mwaka 871 na vita vya Ashdown, zinasimulia kuuawa kwa mfalme wa Wadenmaki, Bagsecg, kwa kitenzi hicho cha pili. Mpaka haukuwa mkali, kwa sababu “was” nayo iliweza kueleza tukio, ila mwandishi aliyetaka kutofautisha alikuwa na kifaa mkononi. Na kile tunachokiita leo kitenzi cha kutendwa kiliweza kubeba viambishi vya sifa. Wakiuawa wengi, neno la “waliouawa” lilichukua alama ya wingi, sawasawa na neno “warefu” au “wazee”. Kwa hiyo ile sura ya “locked” ina damu ya sifa tangu zamani.

Halafu viambishi vikalika mwishoni mwa maneno, na weorþan ikafifia. Kufikia karne ya 15 ilikuwa karibu kutoweka. Wajerumani walibaki na ndugu yake, werden, na ndiyo maana Mjerumani hawezi kuingia kwenye shimo langu: geti lililokuwa limefungwa kwake ni war verschlossen, na lililofungwa wakati ule ni wurde verschlossen. Mwingereza akabaki na “was locked” kwa yote mawili.

Lakini watu hawakai na pengo bure, huziba viraka. Karne ya 17 ndipo “get” ilianza kushika kazi ya weorþan, na leo “the gate got locked” haiwezi kuwa hali, ni tukio tu. Walimu wangu wa sekondari waliikata kwa kalamu nyekundu, wakisema ni lugha ya mtaani. Najiuliza kama walijua walikuwa wanakata kiraka kinachoshika nguo nzima.

Kiraka kingine kilizua ugomvi. Zamani Mwingereza alisema “the house is building” akimaanisha nyumba inajengwa. Mwishoni mwa karne ya 18 ikaanza kuonekana “is being built”. Mwaka 1795 mshairi Robert Southey aliitumia sura hiyo kwenye barua, akimweleza mtu anayeng'olewa jino na kinyozi. Ukisikia maumivu yale, unaelewa kwa nini alihitaji kitenzi kinachoonyesha jambo linaendelea! Hata hivyo wakubwa wa lugha hawakufurahi. Mmarekani Richard Grant White, kwenye kitabu chake cha mwaka 1870, Words and Their Uses, aliitengea sura nzima ya kuishambulia. Ameshindwa vibaya, maana leo hakuna anayeshtuka.

Pamoja na viraka vyote, “was locked” yenyewe imebaki na sura mbili, na msikilizaji huamua kwa maneno ya jirani. Ukiongeza “by the guard at ten”, ni tukio. Ukiongeza “still”, au ukasema “remained locked”, ni hali. “Worried” hukubali “very” mbele yake bila shida, basi hapo ni sifa kamili. Kisha kuna “the gate was unlocked”, ambayo inanichekesha kila nikiikuta: huenda mtu amelifungua kufuli, na huenda geti halikufungwa kabisa tangu asubuhi.

Tazama pia kile kibao cha mlango wa duka. Upande mmoja “OPEN”, upande wa pili “CLOSED”. Cha kwanza ni sifa ya asili, na kwa tukio wana neno lingine, “opened”. Cha pili ni kitenzi kilichovaa koti la sifa, na hawana kingine. Duka likiwa wazi Kiingereza kinasema bayana, likifungwa kinakuachia ubashiri.

Sisi tumepewa vifaa kibao. Kikombe kimevunjwa, kuna mtu. Kikombe kimevunjika, mtoto anaweza kusimama pembeni na macho makavu. Lilifungwa ni tukio. Lilikuwa limefungwa ni hali uliyoikuta. Nilikuwa na haya yote mdomoni tangu utotoni, nikachagua fupi kwa sababu sentensi ya Kiingereza ilikuwa fupi. Mpaka leo, nikiona “was closed” au “was blocked” kwenye taarifa, napiga simu kuuliza lini na nani. Wasemaji wengine hunikatia simu.

Masahihisho yalitoka siku tatu baadaye, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la mnada: geti lilikuwa limefungwa kabla zimamoto hawajafika. Mzee alikuja kuyasoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno. Akaomba nakala mbili, moja ya ofisi ya soko na nyingine ya nyumbani. Nikamtolea tatu.