Kuganga Mfupa Kanyosha

Kitenzi kuganga, ambacho wanafunzi wetu hukijua kwa maana ya kutibu, kina maana nyingine katika kamusi: kufunga pamoja kilichovunjika. Gango ni kile kipande kinachoshikiza. Kirundi nacho kina kwunga, neno lisilohitaji tafsiri kwa ajuaye kuunga, nalo hutumika hata kwa watu waliogombana. Basi muungaji mifupa wa kijijini, mwenye banzi na kamba zake, si mgeni katika utabibu. Ni mzee wake. Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyebuni katika karne ya 19 gango la mguu liitwalo hadi leo kwa jina lake, alikuwa mtoto wa muungaji mifupa asiyekuwa na shahada yoyote.

Kanyosha ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Mtu mzima akivunjika paja huko, mfupa huhitaji takriban miezi mitatu au zaidi kushikana, mgonjwa awe hospitalini au nyumbani. Kwa njia ya zamani ya hospitali, mguu huvutwa kwa uzito uliofungwa kambani, na mgonjwa hulala chali majuma sita hadi kumi na mawili. Misuli hunyauka, goti hukakamaa. Mwaka 1939 Gerhard Küntscher wa Ujerumani alianza kutia fimbo ya chuma ndani ya mfupa wenyewe, na mgonjwa akaweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Kwa daktari hii ni tofauti ya ufundi. Kwa mvuvi au mchukuzi ni tofauti ya fedha, maana kila siku ya kitanda ina bei yake.

Mwaka 2002, vita vilivyoanza 1993 vikiendelea, Burundi iliweka utaratibu wa wagonjwa kulipia matibabu. Walioshindwa kulipa walizuiliwa wodini hata baada ya kupona, jambo ambalo Human Rights Watch na chama cha Kirundi APRODH walilieleza katika taarifa ya Septemba 2006. Mfupa umeunga, mwenyewe hatoki! Mei mwaka huo huo matibabu yalikuwa yamefanywa bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Hatua njema hiyo, ila aliyegongwa na gari akiwa na miaka 30 hakuwamo. Ghasia za kisiasa zilipozuka mwaka 2015, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua mjini kituo cha majeruhi, wakatibu bila malipo.

Hata hivyo, chuma hakirudishi misuli. Paja lililokonda hurudi kwa kukunja na kunyosha goti kila siku, mwezi baada ya mwezi, na kila safari ya kutoka Kanyosha kwenda kwa mwalimu wa mazoezi hospitalini ina nauli. Si ajabu mtu akiacha mazoezi mara awezapo kutembea kwa gongo moja, akaenda kukandwa na muungaji wa jirani, ambaye hapokei fedha zote kwa siku moja.