Hijra ya Wasomali: Watu Huikimbia Nini?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ni mataifa machache Afrika yenye sababu nyingi za kuungana kama Somalia. Dini ni moja, madhehebu ni moja ya Imam Shafii, na lugha ya walio wengi ni moja. Hata hivyo, tangu mwaka 1988 wananchi wake wamekuwa wakiihama kwa malaki. Wako walioulaumu uhamaji huu kuwa ni tamaa ya dunia. Wengine husema ni vita na njaa tu. Majibu yote mawili hayatoshi.

Tuanze na mizani ya wanazuoni. Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Andalusia (asichanganywe na Ibn Arabi wa tasawwuf), aliyefariki mwaka 543 Hijria (1148 Miladia), aliigawa safari katika mafungu mawili: ya kukimbia na ya kutafuta. Ya kukimbia aliifanya sita: kutoka nchi ya vita kwenda nchi ya Uislamu, kutoka nchi ya bid'a, kutoka nchi iliyotawaliwa na haramu, kukimbia madhara ya mwili, kukimbia maradhi ya nchi, na kukimbia kwa kuhofia mali. Alitaja kwamba Nabii Ibrahim na Nabii Musa (a.s.) walikimbia kwa kuhofia nafsi zao. Kadhi huyu aliijua fitna kwa macho yake. Mwaka 485 Hijria yeye na baba yake walihama Seville, baada ya kuanguka dola ya Banu Abbad.

Sasa tuitazame Somalia kwa mizani hiyo. Mwaka 1988, waasi wa kaskazini walipoushambulia mji wa Hargeisa, serikali ya Siad Barre iliujibu mji mzima kwa mizinga na ndege, na ndege hizo ziliruka kutoka uwanja wa mji huo huo. Malaki ya watu wakavuka mpaka kuingia Ethiopia. Hawa hawakukimbia kukosekana kwa serikali. Waliikimbia serikali yenyewe.

Januari 1991 Barre akapinduliwa, na jambo likageuka. Waliomwondoa waligawanyika wao kwa wao: Ali Mahdi na Jenerali Aidid, wote wa chama kimoja na kabila kubwa moja la Hawiye, wakaukata mji wa Mogadishu vipande viwili. Polisi na mahakama zikasambaratika. Mtu akawa hana mlinzi ila ukoo wake wenye bunduki.

Hapa ndipo penye somo. Miongoni mwa walioumia zaidi walikuwa wale wasiokuwa na jeshi la ukoo. Watu wa Barawa, mji wa wanazuoni alikozaliwa Sheikh Uways al-Barawi na wenye lahaja yao ya Kiswahili, Chimwini, waliporwa majumba na heshima. Wengi wakapanda vyombo hadi Mombasa. Wakulima wa Kibantu wa mto Juba, ambao miongoni mwao wako wanaosema Kizigua, nao waliporwa nafaka zao. Baadhi yao wakafika Handeni, mkoani Tanga, katika nchi waliyotolewa babu zao karne ya 19. Vita viliwagusa wote, lakini aliyeporwa na asiwe na pa kushitaki, huyo hakuwa na la kungoja.

Ushahidi mwingine ni mwaka 2006. Mahakama za Kiislamu zilipoushika Mogadishu mwezi Juni, uwanja wa ndege na bandari vilifunguliwa, na baadhi ya watu wakarejea. Desemba jeshi la Ethiopia liliingia, na mapigano ya 2007 yakawatoa malaki tena. Kisha mwaka 2011 ukame uliikumba Somalia pamoja na Ethiopia na kaskazini ya Kenya, lakini baa la njaa lilitangazwa kusini ya Somalia peke yake, ambako vita na vizuizi vya Al-Shabaab viliufunga mlango wa misaada. Kambi ya Dadaab, iliyojengwa kwa watu 90,000, ikapindukia laki nne.

Je, inafaa kukimbilia nchi isiyo ya Kiislamu? Mwaka wa 5 wa utume, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza masahaba wake Habasha, kwa mfalme Mkristo, kwa sababu hakudhulumiwa mtu mbele yake. Kigezo kilikuwa uadilifu. Na al-Mawardi, imamu mkubwa wa Kishafii, aliona kuwa anayeweza kuidhihirisha dini yake katika nchi kama hiyo, kukaa kwake huko ni bora, kwa kutarajiwa wengine kusilimu.

Suratun-Nisaa, aya ya 97, inawasuta waliobaki katika udhalili hali ardhi ya Allah ni pana. Na aya ya 98 inawatoa lawamani wanyonge wasio na hila. Kwa hiyo tusiwaulize wakimbizi kwanza kwa nini wameondoka. Waulizwe wenye silaha na madaraka: aliyedhulumiwa mjini mwenu huenda kushitaki wapi? Asipokuwa na mahali, atauacha mji huo, hata kama misikiti yake imejaa.

Wallahu a'lam.