Safu za Upana Maalumu: Kutoka Kadi za Matundu hadi Takwimu za Kivu

Maandishi ya upana maalumu ni takwimu zilizoandikwa bila alama yoyote ya kuzitenganisha. Hakuna koma wala mstari wa kugawa. Kila habari imepewa nafasi yake ndani ya mstari, na nafasi hiyo haihami hata ikibaki tupu. Tarakimu 3 ikikaa mahali pa 16 ina maana moja. Ikisogezwa hadi mahali pa 17 ina maana nyingine kabisa. Kwa mtindo huu zimehifadhiwa takwimu muhimu za kaya za Kongo ya mashariki, pamoja na jimbo la Kivu Kaskazini lenye teritwari za Masisi na Walikale.

Mtindo huu ulizaliwa na kadi za matundu. Herman Hollerith alizitumia kuhesabu sensa ya Marekani ya 1890, na mwaka 1928 kampuni ya IBM ikatoa kadi yenye safu 80. Kila safu ilibeba alama moja tu, kwa hiyo nafasi ilihesabiwa kwa ubahili. Nukta ya desimali iliachwa, majina ya majimbo yakageuzwa namba, na majibu ya ndiyo au hapana yakawa tarakimu moja. Kompyuta zilipoziondoa kadi, mstari wa faili ulirithi umbo la kadi pamoja na ubahili wake.

Katika Kongo ya Wabelgiji, uchunguzi mkubwa wa watu kwa njia ya sampuli ulifanyika kati ya 1955 na 1957, Masisi ikiwa teritwari ya wilaya ya Kivu Kaskazini. Swali la nani anaishi wapi lilikuwa zito sana huko, kwa sababu kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa kikoloni ulikuwa umehamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda. Baada ya uhuru, nchi ilifanya sensa moja tu ya kisayansi, ile ya Julai 1984, iliyohesabu watu takriban milioni 30.

Mwaka huo Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa na mikoa minane na jiji la Kinshasa, yaani maeneo tisa. Tarakimu moja ilitosha kuyataja yote. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na idadi ikafika 11. Faili yoyote iliyoutengea mkoa safu moja ilipaswa sasa kuupa mbili, na kila kilichofuata upande wa kulia kisogee hatua moja. Asiyeijua tarehe hiyo akitumia ramani ya zamani kusoma faili mpya, atasoma umri wa mtu pasipo umri, na kompyuta haitamwonya, kwa kuwa tarakimu ni tarakimu. Kugawa mkoa lilikuwa jambo la siasa, lakini athari yake ilifika hadi ndani ya mstari wa takwimu.

Kuzikata safu hizi ni kazi inayozifaa mno lugha za programu zinazoshughulikia jedwali zima kwa mpigo mmoja. Ya kwanza kati yake ni APL. Kenneth Iverson, mwanahisabati kutoka Kanada, alichapisha kitabu kilichoipa jina mwaka 1962, na mwaka 1966 ikaanza kufanya kazi kwenye kompyuta za IBM. Mwaka 1990 Iverson na Roger Hui walileta J, inayotumia alama za kibodi ya kawaida.

Lugha hizi hazina haja ya kupita mstari kwa mstari. Maandishi yote husomwa kama mfuatano mmoja mrefu wa alama. Kwa kuwa mistari yote ina urefu sawa, amri moja hukunja mfuatano huo kuwa jedwali. Kisha huandaliwa orodha ya sifuri na moja yenye urefu wa mstari mmoja: moja huonyesha mahali safu inapoanzia, sifuri huonyesha kwamba safu inaendelea. Orodha hiyo ikiwekwa juu ya jedwali, safu zote hukatika kwa pamoja. APL ya mwanzo haikuweza kuweka vipande vya upana tofauti ndani ya jedwali moja; mpangaji alitaja namba za safu alizozitaka na kuzichukua moja baada ya nyingine. Uwezo wa kuweka jedwali ndani ya jedwali ulienea kupitia APL2 ya IBM, katika miaka ya 1980.

Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanyika Kongo mwaka 2007 na tena 2013–14 ni mfano mzuri wa mtindo huu. Katika faili zake za upana maalumu, mahali pa 1 hadi 15 pana utambulisho wa mwanamke aliyehojiwa, na 16 hadi 18 pana msimbo wa nchi na awamu. Uzito wa sampuli umeandikwa bila nukta, hivyo lazima ugawanywe kwa 1,000,000. Hakuna kijiji kinachotajwa kwa jina: kila eneo la mahojiano ni namba tu, na mahali pake kwenye ramani husogezwa makusudi, kwa kawaida hadi kilomita 5 vijijini, ili wahojiwa wasitambulike.

Mitego ipo. Herufi É ya jina la jimbo la Équateur huchukua baiti mbili katika usimbaji wa UTF-8, hivyo anayehesabu baiti badala ya herufi hupotoka hatua moja. APL nayo huandika namba hasi kwa alama yake yenyewe, ¯. Ikipewa maandishi 25 -9999 iyatekeleze, haioni namba mbili. Inafanya hesabu ya kutoa na kurudisha ¯9974. Katika kumbukumbu za kila siku za hali ya hewa duniani, ambako -9999 humaanisha kipimo kinachokosekana, kosa hilo huzaa joto ambalo halijawahi kuwapo popote.

Kwa hiyo kila ofisi, chuo au shirika linalohifadhi faili za zamani za Kivu lihifadhi pia orodha inayotaja kila safu inaanzia wapi, inaishia wapi, na ilitumika mwaka gani.