Nyumba ya baba, udongo wa Leta

Tuliposhuka Baraka na meli za HCR toka Kigoma, kuanzia mwaka 2005, wengi wetu tulikuta paka kuta. Mabati na milango hakuna. Tukaanza kutengeneza bila kuuliza. Ni nyumba ya baba, utaomba nani ruhusa?

Lakini hiyo ruhusa haikuanza leo. Dekreti ya Wabelgiji ya tarehe 20 Juni 1957 ilishaagiza kwamba, mahali pa mji palipopangwa, mtu aombe ruhusa mbele ya kujenga, kubomoa ao kugeuza nyumba. Kisha sheria ya 20 Julai 1973 ikafanya udongo wote kuwa mali ya Leta. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na sertifika inayoandikwa kwa jina lake. Njo maana ukuta ni wako, lakini ofisi inauliza kwanza karatasi ya parseli.

Na karatasi njo tulipoteza wakati wa kukimbia vita ya 1996. Mama mmoja wa chama chetu alisimamishwa ukuta ukiwa umefika kwenye madirisha. Simenti alikuwa nayo, karatasi hapana.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tuanze na majirani walio mashahidi na chefu wa kartiye, kisha wapimaji wa kadasta, kisha plani na ruhusa, matofali mwisho. Nanyi mnaotusaidia, mchango wa karatasi njo unalinda ule wa mabati.